Shamba la Nyuma ya Nyumba Limegeuka Msitu? Lifufue Kiangazi Hiki

Ukipita kwenye viwanja vya Kibomet mwezi huu wa Januari, utaona jambo moja likijirudia. Mbele ya nyumba pamefagiliwa vizuri, maua yamepandwa, lango limepakwa rangi. Nyuma ya nyumba ni msitu. Sangari imefika magotini, kishona nguo kimekauka kikingoja suruali ya mpita njia, na lantana imepanda juu ya mparachichi hadi mti wenyewe hauonekani. Mahali hapo zamani palitoa sukuma wiki, ndizi na mapera. Kisha mzee akafariki, au vijana wakahamia Eldoret na Nairobi, au mpangaji akaondoka na yule aliyefuata akasema shamba halimhusu.

Kiangazi ndicho kipindi ambacho kichaka hicho kinatugharimu zaidi. Mboga sokoni zinapungua, fungu la sukuma linakuwa dogo huku bei ikipanda, na familia yenye kiwanja cha hamsini kwa mia inanunua kila jani inalokula. Kichaka kikavu pia kinashika moto upesi, kinaficha nyoka, na kinawapa panya makao hatua chache kutoka jikoni.

Wengi husubiri mvua ndipo waanze kusafisha. Ushauri wetu ni kinyume cha hapo: kazi ngumu ifanywe sasa, udongo ukiwa mkavu, ili jua likusaidie kuua magugu ambayo mvua ingeyafufua.

Kiangazi chetu ni cha aina gani

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na hupata mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Hatuna joto la Lodwar. Lakini mvua yetu karibu yote hunyesha kuanzia mwisho wa Machi au Aprili hadi Novemba, halafu Disemba hadi katikati ya Machi mbingu zinafungwa. Kwa hiyo bustani ya Kibomet ina maisha mawili: miezi minane ya maji mengi kupita kiasi, na miezi mitatu au zaidi ya ukavu. Vitabu vingi vya kilimo cha maeneo kame haviyafikirii maji ya Mei, na mazoea yetu ya mahindi hayaifikirii Februari.

Tuseme ukweli kuhusu mahindi. Mji huu ulijulikana kwa mahindi tangu watafiti wa hapa walipotoa mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, H611, mwaka 1964, na kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, bado ina makao yake makuu hapa Kitale. Ni sifa kubwa. Lakini imetufanya tuone kama kilimo ni mahindi tu, na hata kipande cha nyuma ya nyumba kinapandwa mahindi mwezi wa Aprili, kinavunwa, kisha kinaachiwa magugu. Kipande kidogo namna hiyo kikipandwa mahindi hakitoi unga wa muda mrefu. Kikipandwa mboga, kinaweza kulisha nyumba mwaka mzima.

Angalia kabla ya kufyeka

Usianze na panga. Zunguka kiwanja asubuhi, siku mbili tatu, ukiwa na kamba au vitambaa vyekundu, na ufunge kila kitu kilicho hai ambacho hutaki kikatwe. Ndani ya kichaka cha miaka mitano huwa kuna zaidi ya vile unavyodhani: mche wa lokwati ulioota wenyewe kutokana na mbegu za ndege, mpera, matunda damu, shina la mgomba lililozongwa, wakati mwingine hata mkahawa wa zamani. Mti wa matunda unaokatwa kwa dakika tano unahitaji miaka mitatu au minne kurudishwa.

Tafuta pia bikoni za mpaka. Kiwanja kilichoachwa muda mrefu mara nyingi bikoni zake zimefunikwa, na jirani naye amekuwa akilima akikisia. Ukiipata, iache pale ilipo na uizungushie mawe ili ionekane. Kuing'oa au kuisogeza bikoni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Upimaji ardhi, hata kama unaamini imekaa mahali pasipofaa. Kama kiwanja ni cha urithi na ndugu hawajagawana, keti nao kwanza kabla ya kukata mti wowote mkubwa. Ugomvi mwingi wa familia huanzia kwenye mti uliokatwa bila kuulizana, na mti haurudi.

Magugu yenyewe yatakueleza habari za udongo. Mahali managu na terere zimeota zenyewe kwa wingi na majani mapana ya kijani kibichi, huenda palikuwa na zizi au lundo la taka, na pana rutuba. Hapo ndipo pa kuanzia tuta la kwanza. Mahali ambapo hata magugu yamedumaa na kuwa ya manjano, udongo umechoka au umegandamana, na pataka kazi zaidi.

Tahadhari moja kwa wanaochuma managu kwenye kichaka: mnanaha hupenda mahali hapo hapo. Miche yake ikiwa midogo mtu mwenye haraka anaweza kuichanganya na mboga. Majani ya mnanaha yana kingo zenye meno makubwa, hunuka vibaya ukiyasugua, maua yake ni marefu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Kila sehemu ya mmea huo ni sumu, hasa mbegu. Ing'oe yote, usiiache watoto wachezee matunda yake, na aliyeila apelekwe hospitali mara moja bila kungoja aone itakuwaje.

Kufyeka bila kuchoma

Vaa gambuti na suruali nzito. Piga kichaka kwa fimbo ndefu kabla ya kuingia, na anzia upande wa nyumba ukielekea nje, ili kilichojificha kipate njia ya kukimbia badala ya kusukumwa kuelekea mlangoni. Moma hakimbii. Hulala pale pale akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana watu humkanyaga. Majani makavu yaondoe kwa reki au jembe, kamwe usitumie mikono mitupu.

Kisha inakuja kishawishi cha kiberiti. Tunaelewa; ni rahisi na lundo linaisha kwa saa moja. Lakini moto hupeleka sehemu kubwa ya naitrojeni hewani, unaacha udongo wazi kwenye jua la Februari, na upepo wa mchana unaweza kuupeleka kwenye ua wa jirani. Zaidi ya hayo, unateketeza kitu utakachokihitaji wiki mbili baadaye, nacho ni matandazo. Mtu anayechoma nyasi zake Januari ndiye anayeomba nyasi za jirani Februari.

Unachofyeka kigawe mara tatu. Nyasi na majani yasiyo na mbegu ni matandazo. Majani mabichi laini yanaenda kwenye mboji. Magugu yenye mbegu zilizokomaa, pamoja na mizizi ya sangari, yawekwe kando, juu ya mabati ya zamani au mawe, yakauke kabisa kwenye jua.

Usimpe ng'ombe kila kitu. Lantana huwadhuru ng'ombe na mbuzi, huharibu ini na kuifanya ngozi ichubuke juani. Majani ya mparachichi nayo yanaweza kuwa sumu kwa mbuzi. Ng'ombe aliyeshiba huyaacha, ila huu ni msimu wa njaa malishoni, na mnyama mwenye njaa hachagui.

Sangari na ndago

Hawa wawili ndio wenye shamba halisi, na hapa ndipo kiangazi kina faida kubwa kuliko msimu mwingine wowote. Sangari haiishi juu ya ardhi. Iko chini, katika mashina meupe marefu yanayotambaa kama waya, na kila kipande chenye fundo kinaweza kuota mmea mpya. Anayeilima kwa jembe la kawaida au kwa trekta mvua ikiwa imenyesha anaikatakata na kuipanda upya, mara kumi ya ilivyokuwa.

Tumia jembe la meno. Chimba kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, inua bonge zima, ligeuze na uliache juu kwenye jua. Baada ya siku nne au tano bonge litakuwa limekauka. Lipige livunjike, vuta mizizi, iweke juu ya mabati. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mara ya kwanza huwezi kuimaliza. Wiki sita za jua kali kabla ya mvua ya Machi ni nafasi ambayo huipati tena hadi Disemba ijayo. Kazi ni ngumu, hatutaki kumdanganya mtu. Ndiyo maana hapo chini tunasisitiza kuanza na eneo dogo.

Ndago ni mkaidi zaidi, kwa maana ana viazi vidogo chini sana ambavyo jembe halivifikii. Udhaifu wake ni kivuli. Mahali palipojaa ndago panda viazi vitamu au malenge mvua ikianza, mashina yatambae na kufunika ardhi yote msimu mzima. Kwa sasa unaweza kutandika maboksi ya katoni, mawili mawili, na kuweka nyasi juu yake.

Swali tunaloulizwa mara nyingi: je, si afadhali kupuliza dawa ya kuua magugu? Kando na suala la visima na watoto, kuna sababu rahisi ya kutofanya hivyo sasa. Dawa zenye glaifoseti huingia kupitia jani bichi linalokua na kuteremka mizizini. Jani la kiangazi lina vumbi, limejikunja, na mmea umelala, dawa haiteremki. Juu patakauka, utafurahi, na mvua ya kwanza itakuonyesha kwamba mizizi iko salama na pesa zako zimekwenda.

Mtungi mmoja, tuta moja

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina takriban mita za mraba 465, yaani kama sehemu moja ya nane ya eka. Toa nyumba, choo, njia na mahali pa kuanikia nguo; huenda unabaki na mita 150 au 200 za kulima. Usizifungue zote sasa. Udongo uliofunguliwa bila kupandwa wala kufunikwa unakauka, unapeperushwa, na mvua ya kwanza ya Aprili inauosha hadi barabarani.

Hesabu ya maji ndiyo iamue ukubwa wa bustani yako. Mboga kwenye jua la kiangazi chetu hupoteza karibu milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kila mita ya mraba inataka lita 5 kwa siku, na tuta la mita moja kwa mita nne linataka lita 20, ambazo ni mtungi mmoja. Jiulize basi: nyumba hii inaweza kutoa mitungi mingapi kwa bustani kila siku, kila siku bila kukosa, hadi katikati ya Machi? Kama jibu ni miwili, lima matuta mawili. Mtu anayelima matuta sita na kuyanyweshea mitungi miwili hapati matuta sita yenye mboga kidogo. Anapata matuta sita yenye mboga chungu, zilizojaa vidukari, na mwishoni mwa Januari anaacha.

Matandazo hubadilisha hesabu hii. Funika udongo kwa nyasi zako zilizofyekwa, unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina ili mchwa wasifike kwa urahisi na shina lisioze. Ukifanya hivyo, miche ikishashika utakuta siku ya pili udongo bado una unyevu, na mtungi ule ule unaweza kutosha siku mbili. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Kama ncha ya kidole inahisi ubaridi na unyevu, usinyweshe. Kawaida ya kumwaga maji kila jioni juu juu, ukilowesha sentimita mbili tu, hufundisha mizizi kukaa karibu na jua.

Jambo la pili ni umbo la tuta, na hapa tunatofautiana na yale ambayo wengi walifundishwa shuleni. Tuta la kuinuliwa ni zuri sana mwezi wa Mei, maji yanapojaa. Mwezi wa Februari tuta hilo hilo linapigwa na jua na upepo pande zote na kukauka haraka. Kiangazi tuta liende chini. Pima mita moja kwa nne, lowesha ardhi jioni ili isikuvunje mgongo kesho yake, kisha toa udongo wa juu sentimita 15 na uuweke kando. Legeza udongo wa chini kwa jembe la meno. Changanya udongo wa juu na mboji au samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita ya mraba, uurudishe lakini usiurudishe wote: acha uso wa tuta uwe sentimita 10 chini ya njia. Udongo uliobaki uutumie kutengeneza kingo. Maji yote unayomwaga yatabaki ndani, na kingo zitakinga miche dhidi ya upepo.

Mvua zikikolea, mwishoni mwa Aprili, vunja kingo na uzirudishe ndani ili tuta liinuke. Wakati huo ndio mzuri wa kuchimba kwa kina maradufu, sentimita 60, kama wanavyofundisha katika Manor House Agricultural Centre, taasisi iliyoko hapa kwetu tangu 1984. Kuchimba kwa kina hivyo kwenye ardhi kavu ya Januari ni kujiadhibu.

Rutuba iko kando ya barabara

Samadi ya ng'ombe isitumiwe mbichi. Huchoma mizizi na huleta mbegu za magugu ya malishoni, jambo ambalo kwa aliyetoka tu kupigana na sangari ni huzuni. Iache iive, iwe nyeusi na isiyonuka.

Kwa wasio na ng'ombe, kuna ile mimea yenye maua ya manjano kama alizeti inayoota kando ya barabara na kwenye nyua, tithonia, ambayo majirani zetu Waluhya huiita amalulu kwa uchungu wake. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walipima majani yake mabichi na kuona kwamba, yakikaushwa, yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, asilimia 0.37 ya fosforasi na asilimia 4.1 ya potasiamu. Hicho ni kiwango cha juu kuliko samadi nyingi za nyumbani. Kata majani na vijiti laini, yakatekate, yafukie kwenye tuta wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Au jaza gunia, litumbukize kwenye pipa la maji kwa wiki mbili, kisha maji hayo yachanganywe na maji safi hadi yawe na rangi ya chai ya rangi, umwagie shinani. Harufu yake haipendezi. Pipa likae mbali na dirisha, na lifunikwe ili mbu wasizaliane.

Mboji ya kiangazi ichimbiwe shimo badala ya kurundikwa juu, maana lundo hukauka kabla ya kuoza. Panga makavu, mabichi, samadi kidogo na udongo kidogo, lowesha kila tabaka, funika kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya wiki moja kichomoe ukiguse: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Geuza baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na mboji, yaani mvua zinapokolea.

Udongo wa sehemu nyingi za kaunti yetu una asidi, na miaka mingi ya mbolea ya DAP peke yake imeuongezea. Lakini usimwage chokaa kwa kukisia. Peleka sampuli ya udongo ikapimwe kwanza. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza jinsi ya kuichukua na mahali pa kuipeleka.

Cha kupanda sasa

Kunde na terere ndizo za kuanzia. Zote hupandwa moja kwa moja, zinavumilia jua, na unaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne. Saga nayo inapenda joto na hufanya vizuri. Managu inahitaji maji zaidi, basi iwekwe mahali penye kivuli cha mchana, kwa mfano upande wa mashariki wa mgomba. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi za kienyeji, na kazi yake imesaidia kuziondolea ile aibu ya kuitwa chakula cha maskini. Zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, na mbegu zake unaweza kuzihifadhi mwenyewe bila kurudi dukani.

Sukuma wiki ni lazima, tunajua. Sia mbegu kitaluni sasa, chini ya kivuli cha nyasi, upandikize baada ya wiki tano, jioni, ukiweka sentimita 45 kati ya mche na mche. Tuta moja la mita nne litachukua miche 18 hivi. Siku saba za kwanza kinga kila mche kwa kipande cha jani la mgomba. Vidukari vikija, na vitakuja, vioshe kwa maji ya sabuni ya mche, ukihakikisha unafikia chini ya majani, na uchume majani yaliyojikunja uyatupe mbali.

Halafu kuna kuku. Bustani zinazokufa Kibomet kwa sababu ya kuku huenda ni nyingi kuliko zinazokufa kwa ukame. Kabla ya kununua mbegu, jenga ua wa fito au waya, au fungia kuku. Ua wa kayaba ni bora kuliko wote, ila utakuhitaji uvumilivu wa miaka kadhaa.

Mpangaji asiyeruhusiwa kuchimba, au asiyejua atakaa muda gani, atumie magunia. Gunia moja, mchanganyiko wa udongo na samadi, nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na mashimo pembeni ya miche. Siku ya kuhama magunia yanapandishwa kwenye mkokoteni. Anayetaka kufufua shamba la mwenye nyumba na apate ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, ukieleza ni sehemu gani na kwa muda gani. Tumesikia malalamiko ya wapangaji waliosafisha vichaka kwa jasho lao, kisha wakaambiwa kodi imepanda kwa sababu sasa kuna shamba.

Miti ya zamani

Mparachichi uliofunikwa na lantana usiukate wote kwa siku moja. Ondoa lantana kwanza, pamoja na kisiki chake, kwa sababu ukiacha kisiki inachipua. Kisha punguza matawi yaliyokufa na yanayosuguana, usizidi theluthi moja ya mti kwa mwaka. Gome lililokaa kivulini miaka mingi likipigwa na jua ghafla linapasuka. Lipake chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji. Matawi makubwa yasubiri hadi mvua ikaribie.

Kwenye mgomba fuata kanuni ya mama, mtoto na mjukuu: mashina matatu kwa kila shina la asili, mengine yote yang'olewe. Kabla ya kuhamia shina lingine safisha panga. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 na baadaye kufika magharibi mwa Kenya, unasambazwa sana na panga letu wenyewe. Lichovye kwenye dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji, au lipitishe motoni hadi lisishikike. Ukiona ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukiikata unakuta ndani ni kahawia na shina linatoa usaha wa manjano, usihamishe chipukizi lolote. Piga simu kwa afisa wa kilimo.

Migomba ndiyo ipelekewe maji ya kuoshea vyombo na nguo. Ina kiu na haijali sabuni kidogo. Maji hayo yasimwagwe kwenye mboga za majani.

Mvua ikija

Kabla ya mwisho wa Machi weka mfereji kwenye paa. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 1,200 kwa mwaka linapokea lita 48,000; hata ukipoteza moja ya tano unabaki na zaidi ya lita 38,000. Mvua moja nzuri ya milimita 25 ni lita 1,000 kwenye paa hilo. Tangi likiwa dogo litamwagika mara nyingi, lakini likijaa mwishoni mwa Novemba na kufungwa, ndiyo mitungi yako ya Januari ijayo. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu.

Wiki mbili baada ya mvua ya kwanza, mbegu zote zilizolala ardhini zitaota kwa pamoja na utadhani kazi yako imepotea. Haijapotea. Zikiwa na majani mawili pitisha jembe juu juu, kina cha kidole, siku yenye jua, zitakauka kufikia jioni. Ukingoja mwezi, utahitaji vibarua. Baada ya hapo fungua tuta jipya moja moja kadiri nguvu na matandazo yanavyoruhusu.

Ofisi za kilimo za wadi zinatoa ushauri bila malipo. Ukienda, beba picha ya kiwanja chako kwenye simu na tawi la gugu usilolijua, na uulize siku ambayo afisa anatembelea mtaa wenu. Ushauri kuhusu udongo na mbegu unapatikana pia katika kituo cha utafiti cha KALRO Kitale. Katika toleo lijalo tutaeleza jinsi ya kuhifadhi mbegu za managu, saga na kunde nyumbani, na namna ya kumtega fuko, ambaye mvua ikianza atakuwa ameshajua tuta lako liko wapi.